Mwanao aingia kidato cha tatu: umemwuliza nini?

Baba na mama, leo tuna neno nanyi. Ni neno kwa kila nyumba yenye mtoto wa sekondari, na hasa nyumba ambayo baba na mama wenyewe hawakuvuka darasa la saba. Tafadhali msigeuze ukurasa mkisema, "Hayo ni mambo ya walimu, sisi twajua jembe tu." Jembe hilo hilo ndilo lililonunua sare ya mtoto, na aliyenunua sare ana haki ya kuuliza safari yaelekea wapi.

Nitawapa habari ya nyumba moja. Jina silitaji, maana wenyewe wapo na majirani wanawajua.

Baba wa nyumba hiyo ni mkulima wa mahindi na karanga. Binti yake wa pili, tangu yu mdogo, alikuwa akimsindikiza bibi yake zahanati kupimwa presha. Akirudi nyumbani huwafunga wadogo zake vitambaa mikononi na kusema, "Mimi nitakuwa mwuguzi." Nyumba nzima ikazoea kumwita Nesi. Akaingia sekondari ya kata, akafaulu mtihani wa kidato cha pili, na kila jioni baba alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, wafaulu?" Naye hujibu, "Nafaulu, baba." Baba akaridhika.

Mwanzoni mwa kidato cha tatu mwalimu aliwauliza wanafunzi nani ataendelea na Fizikia na Kemia, na nani ataziacha. Rafiki zake wawili waliziacha, kwa kuwa, walisema, ni ngumu na mwalimu wake ni mmoja kwa shule nzima. Binti naye akaziacha. Jambo lile lilichukua dakika moja, na nyumbani hakuna aliyejua.

Miaka miwili ikapita. Matokeo ya kidato cha nne yakatoka: daraja la pili! Majirani wakaja, soda zikafunguliwa, bibi akapiga vigelegele. Maombi ya vyuo yalipofunguliwa, baba na binti walipanda bodaboda kwenda mjini, kwenye duka la steshenari, wajaze maombi ya chuo cha uuguzi. Kijana wa kompyuta akauliza, "Kemia amepata nini?" Hakusoma. "Na Fizikia?" Hakusoma. Kijana akaondoa mkono kwenye mashine. "Mzee, hapa haiendi."

Waliposhuka njia panda ya kijijini, baba alisema kwa uchungu, "Mbona hukuniambia kwamba umeyaacha masomo yale?" Binti akalia, akajibu, "Baba, hukuniuliza."

MLANGO HUFUNGWA MAPEMA

Wengi wetu twadhani kazi ya mtoto huamuliwa siku matokeo yanapotoka. Sivyo. Siku hiyo twaonyeshwa tu ni milango gani iliyobaki wazi. Mingine mtoto aliifunga mwenyewe miaka miwili nyuma, siku aliyosema, "Somo hili naliacha."

Tazameni mfano wa uuguzi. Anayetaka kuomba stashahada ya uuguzi, au ya utabibu, hudaiwa ufaulu wa kidato cha nne, walau alama D, katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini. Na ndani ya hayo manne hapana budi ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Angalieni vizuri maana yake. Mtoto mwenye D katika masomo hayo matatu, na D nyingine moja, aweza kuomba. Atashindana na wenye alama bora kuliko zake, ni kweli, lakini jina lake litaingia. Mtoto mwenye A ya Historia na A ya Kiswahili, asiyesoma Kemia, haombi kabisa.

Kadhalika na kazi nyingine. Anayetaka udaktari wa shahada moja kwa moja kutoka sekondari hupitia kidato cha sita akiwa na Fizikia, Kemia na Biolojia. Anayetaka uhandisi hawezi kuzikwepa Fizikia na Hisabati. Anayetaka uhasibu hawezi kuikimbia hesabu. Anayetaka uanasheria yampasa kuwa imara katika lugha, hasa Kiingereza, maana ndicho atakachosomea chuo kikuu. Na juu ya Hisabati niongeze neno moja. Somo hili halimo katika yale ambayo mtoto huruhusiwa kuyaacha, lakini wako wengi wanaoliacha moyoni. Hukaa darasani, na daftari ni jeupe.

Sisemi kila mtoto asome sayansi. Masomo ya sanaa si kapu la walioshindwa. Mtoto mwenye moyo wa lugha na historia aende huko kwa furaha. Walimu, wanasheria na waandishi wa habari wengi wametoka huko. Nisemalo ni hili: mtoto asiache somo kwa sababu rafiki ameliacha, wala asilishike somo kwa sababu baba apenda kuitwa baba wa daktari. Kwanza ajue somo hilo lafungua mlango gani, ndipo aamue.

Tena mjue kwamba tangu 2024 shule zetu za Tanzania zimeanza mtaala mpya, nao waingia kidato baada ya kidato. Zipo shule ambazo mtoto huingia mkondo wa amali tangu kidato cha kwanza, akajifunza ufundi pamoja na masomo ya darasani. Kwa hiyo orodha ya masomo ya mtoto wa leo yaweza kutofautiana na ya kaka yake. Msitegemee maneno ya jirani. Mwendeeni mwalimu wa taaluma, yeye ndiye mwenye orodha ya shule yenu.

MASWALI AMBAYO MZAZI YEYOTE AWEZA KUULIZA

Huhitaji kujua Kemia ili umwongoze mtoto. Wahitaji kuuliza, na kuuliza kwa wakati wake.

Swali la kwanza, tangu kidato cha kwanza: "Nionyeshe madaftari yako." Hata asiyejua kusoma aweza kuona kama kurasa zimejaa au ni tupu, kama wino mwekundu wa mwalimu upo au haupo, kama tarehe ya mwisho ni ya juzi au ya mwezi uliopita. Mtoto akijua kwamba Jumapili jioni madaftari yatafunguliwa mezani, ataandika.

Swali la pili, kidato cha pili kikiisha: "Masomo gani waendelea nayo, na gani waliacha? Nani amekushauri?" Akisema ni mwalimu, vema, mwone mwalimu huyo. Akisema ni rafiki, bado hajashauriwa.

Swali la tatu: "Kazi unayoitaka, umezungumza na nani anayeifanya?" Katika kata zetu hawakosekani mwuguzi wa zahanati, mwalimu, afisa kilimo na fundi umeme. Mpeleke mtoto. Aulize mambo manne: ulisoma masomo gani, ulisoma chuo gani, ilikuchukua miaka mingapi, na ugumu wa kazi yako ni nini? Nusu saa mbele ya mtu wa kazi hiyo yatosha kumfundisha mtoto mambo ambayo hatayaona darasani. Huenda akarudi na hamu zaidi. Huenda pia akarudi na kusema, "Mama, kumbe damu naiogopa." Hilo nalo ni faida, maana limejulikana mapema.

Swali la nne, kidato cha nne: "Umejaza nini katika Selform?" Hili nalieleza hapa chini.

Swali la tano: "Na hilo likishindikana, njia yako ya pili ni ipi?" Mtoto asiye na njia ya pili hukata tamaa siku moja tu. Mwenye nayo hulia siku moja, kisha huinuka.

Na mkutano wa wazazi shuleni, baba, usiuogope kwa sababu ya michango. Nenda. Michango ikiisha kusemwa, simama umwulize mwalimu habari ya mtoto wako.

HABARI YA SELFORM

Mtoto akiwa kidato cha nne hujazishwa shuleni fomu iitwayo Selform. Humo huandika tahasusi anazozitaka kidato cha tano, yaani yale masomo matatu ya kwenda pamoja, na vyuo anavyovipenda. Wengi huijaza kwa haraka, wakinakiliana kama jibu la mtihani.

Kumbe tahasusi si zile tano au sita tulizozoea kuzisikia. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, na pamoja na zile 16 za zamani zikawa 65. Mtoto na aombe orodha aisome yote kabla hajaandika.

Jambo la pili, ambalo vijijini wengi hawalijui: matokeo yakiisha kutoka, hufunguliwa muda ambao mwanafunzi huweza kuingia mtandaoni na kubadili alichokijaza, kulingana na alama alizopata. Muda huo ukifungwa umefungwa. Basi matokeo yakitoka, msimalize kwa vigelegele. Ulizeni shuleni ni lini mabadiliko yanafunguliwa, na kama kijijini hakuna mtandao, tengeni nauli ya kwenda mjini.

Kuchaguliwa kidato cha tano kwahitaji mtoto awe na alama A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, bila kuhesabu masomo ya dini. Neno hili la dini lawahusu wasomaji wetu. Mtoto na asome Maarifa ya Biblia, ni jambo jema sana, lakini asidhani kwamba A ya humo itaziba pengo la Jiografia.

NJIA SI KIDATO CHA TANO PEKE YAKE

Mtoto asiyekwenda kidato cha tano hajashindwa maisha. Mwenye ufaulu wa masomo manne, hata wa alama D, yasiyo ya dini, aweza kuomba astashahada katika vyuo vingi vya kati, kila chuo kikitaja masomo yake. Akifaulu hupanda stashahada, na akiifaulu stashahada vema aweza kuomba shahada. Ngazi hiyo ni ndefu kidogo, lakini yafika darini, na njiani kila kidaraja kina cheti chake na kazi yake.

Vyuo vyenyewe havina uhusiano na ofisi za mjini tu. Tabora kuna Chuo cha Nyuki na Chuo cha Ardhi. Ukiriguru, mkoani Mwanza, kuna chuo cha kilimo. Olmotonyi, mkoani Arusha, kuna chuo cha misitu. Mweka, chini ya mlima Kilimanjaro, kuna chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa 1963. Mtoto aliyekulia penye mizinga ya nyuki aweza kuwa mtaalamu wa nyuki mwenye cheti, na baba akajifunza kwake.

Tena kuna vyuo vya VETA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 kusimamia ufundi stadi: umeme, uashi, useremala, magari, ushonaji, uchomeleaji. Viko na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza 1975, zaidi ya 50 nchini, na vingi ni vya bweni na viko karibu na vijiji. Kijana aliyepata daraja la nne akasomea umeme miaka miwili aweza kuijenga nyumba kabla ya mwenziwe aliyekaa nyumbani akisubiri bahati.

Na binti aliyekatizwa masomo kwa mimba asifichwe jikoni. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu arejee shuleni baada ya kujifungua. Iko pia njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mzazi, hasira yako yafahamika, lakini mtoto huyo naye bado ana miaka arobaini ya kazi mbele yake.

MAHAFALI NA MFUKO

Sasa tuseme juu ya sherehe. Shule nyingi hufanya mahafali ya kidato cha nne mwezi wa tisa au wa kumi, na mtihani wenyewe huja mwezi wa kumi na moja. Yaani twakata keki kabla ya safari kufika! Nimeona mbuzi wawili wakichinjwa, muziki ukikodiwa na nguo zikishonwa za ukoo mzima, kisha mtoto huyo huyo akachaguliwa shule ya mkoa mwingine na nauli ikakosekana.

Sikatazi furaha. Mtoto na apewe mkono, apikiwe wali, bibi amwekee mkono kichwani. Lakini fedha kubwa iwekwe. Ni kweli kwamba ada ya shule za serikali imeondolewa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na cha tano na cha sita tangu 2022. Lakini godoro, shuka, ndoo, sare, madaftari na nauli havijaondolewa. Karatasi ya maelekezo ya kujiunga yaja na orodha ndefu, na muda wa kuripoti ni mfupi. Gunia moja la karanga likitengwa kila msimu kuanzia kidato cha kwanza, siku hiyo haitakuwa ya kukopa.

Kumbukeni pia kwamba tangu mtihani wa Novemba hadi kidato cha tano kinapofunguliwa, kwa kawaida Julai, ipo miezi kama saba. Mtoto asiye na shughuli miezi saba hutafutiwa shughuli na wengine. Mpeni shamba lake dogo, ajifunze kompyuta au cherehani kama fedha ipo, asome vitabu vya tahasusi aliyoiomba.

MAJINA NA VYETI

Hili ni dogo kwa kulitazama, lakini limewatesa wengi. Kadi ya ubatizo yasema Maria, cheti cha kuzaliwa chasema Mariamu, na shule imemwandika Mary. Mtoto huyo akifika kuomba chuo au mkopo, aambiwa yeye ni watu watatu. Angalieni jina lililoandikishwa shule ya msingi, maana hilo ndilo hufuatana na mtoto hadi cheti cha mtihani. Kama lina kosa, lirekebishwe mapema, kabla hajaandikishwa kwa mtihani wa kidato cha nne.

Asiye na cheti cha kuzaliwa akitafute sasa kwa RITA, katika ofisi ya wilaya. Cheti cha ubatizo huweza kusaidia kama ushahidi, basi mwendeeni paroko mpate nakala. Na mjane, au ndugu anayelea yatima, ahakikishe cheti cha kifo cha mzazi kipo. Siku ya kuomba mkopo wa chuo kikuu kitaulizwa.

Mikopo yenyewe hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo yafanya kazi tangu 2005. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 huwapa pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, katika fani zilizotajwa. Vyeti hivi vya kuzaliwa na vya kifo huhakikiwa RITA, na fomu husainiwa na viongozi wa serikali ya kijiji au mtaa na mwanasheria. Mkopo ni deni. Mtoto atalilipa akianza kazi, naye aelezwe hivyo tangu mwanzo.

Jihadharini na matapeli. Atakuja mtu akisema, "Nipe laki mbili nimwingize mtoto chuo." Nafasi za Serikali hazinunuliwi kwa mtu. Akija na jina la chuo, ulizeni kama kimesajiliwa na NACTVET, na msilipe kwa simu ya mtu binafsi.

NYUMBA ILE LEO

Mtauliza binti yule yuko wapi. Yuko nyumbani. Anasoma Kemia na Fizikia kwa mwalimu mmoja mjini, siku tatu kwa juma, apate kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baba aliuza ng'ombe kwa ajili hiyo. Akifaulu, ataingia chuo miaka miwili nyuma ya wenzake. Bibi yake angali akienda zahanati, na sasa huenda peke yake.

Lakini mdogo wake wa kiume aliingia kidato cha tatu Januari iliyopita. Asubuhi moja baba aliacha palizi, akavaa shati la Jumapili, akaenda shuleni kwa miguu. Akamkuta mwalimu wa taaluma, akamwambia, "Mwalimu, mimi sikusoma. Mwanangu ataka ufundi wa umeme. Niambie masomo gani asiyaache." Mwalimu akamwandikia kwenye karatasi. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani, karibu na kalenda ya parokia, na kila Jumapili jioni baba huisoma polepole, mstari kwa mstari, mtoto akiwa amekaa mbele yake na madaftari.

Haya, baba, haya, mama. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Leo jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, mwiteni mtoto mmwulize.